Ijueni kaboni kwanza: kwa mnaoanza aldehidi na ketoni

Wadogo zangu mnaoanza kemia ya kaboni, mada hii msiiingie kwa kukariri. Mimi nilikariri. Nilijaza kurasa za daftari kwa milinganyo, lakini swali la mtihani lilipogeuzwa kidogo tu, sikuwa na pa kushika.

Anzeni na kaboni moja ndani ya aldehidi au ketoni, ile iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili. Oksijeni huvuta elektroni upande wake, kaboni ikabaki na chaji chanya kidogo. Kwa hiyo chembe yenye elektroni za kutoa, kama ioni ya sianidi, huiendea kaboni hiyo. Kisha jiulizeni majirani wa kaboni ni akina nani. Kwenye aldehidi, angalau jirani mmoja ni haidrojeni, atomu ndogo sana. Kwenye ketoni, pande zote mbili zimekaliwa na vikundi vya kaboni. Vikundi hivyo huziba njia, na vile vya alkili, yaani vya kaboni na haidrojeni tu, huisukumia kaboni elektroni, chaji yake chanya ikapungua. Isitoshe, kaboni ikishapokea mgeni, pembe za bondi zake hushuka kutoka nyuzi 120 hadi karibu 109, na majirani wakubwa hubanana. Ndiyo maana kwa kawaida aldehidi hushambuliwa upesi kuliko ketoni.

Kilichonifungua macho ni maji ya kawaida. Methanali, aldehidi yenye haidrojeni pande zote mbili, ikiwa ndani ya maji, zaidi ya asilimia 99 ya molekuli zake huungana nayo. Ethanali, aldehidi yenye kikundi kimoja cha alkili, ni kama nusu. Propanoni, ketoni ijulikanayo kama asetoni ya kufutia rangi ya kucha, haifiki hata asilimia 1. Mkiweza kueleza namba hizo tatu kwa maneno yenu, sehemu kubwa ya mada mmeshaielewa.

Sasa mtego. Jaribio la Tollens, lile la kutofautisha aldehidi na ketoni kwa myeyusho wa fedha na amonia, halipimi nani anashambuliwa upesi. Linapima nani anaoksidishwa. Aldehidi ina haidrojeni juu ya kaboni ile, hivyo hugeuka kuwa asidi na kuacha fedha kwenye kioo. Ketoni ya kawaida haina. Lakini fruktosi, sukari ya matunda, ingawa ni ketoni, huleta fedha vilevile, kwa kuwa ndani ya alkali hujipanga upya kuwa aldehidi. Swali hilo linapendwa sana.

Na maabarani, osheni neli ya majaribio mpaka ing'ae. Mara yangu ya kwanza nilipata unga mweusi badala ya kioo cha fedha, nikaandika kwamba sampuli ni ketoni, kumbe neli ilikuwa na mafuta na ule unga ndio fedha yenyewe. Pashieni moto ndani ya bika la maji moto, kamwe si juu ya mwali. Kitendanishi cha Tollens kitengenezeni siku hiyohiyo, kiasi cha kutosha tu, na kinachobaki mpeni msimamizi akitie asidi ya nitriki iliyozimuliwa kabla hamjatoka. Kikiachwa kikae au kikauke, huweza kufanya misombo ya fedha inayolipuka hata kwa kuguswa.