Jioni mbingu safi, usiku dhoruba: nani wa kuaminiwa?

SWALI: Shikamoo mzee. Redio ikitangaza mvua ya radi na upepo mkali ziwani usiku, mume wangu hutoka nje jioni, akaangalia juu, akasema hakuna wingu. Juzi walitangaza, akabaki nyumbani, na hapa kwetu halikuanguka hata tone. Giza la mwezi ndio msimu wetu wa mukene (dagaa). Nimzuie?
Muuza mukene, Kalangala

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzuie. Nimevua mukene Katosi ujanani, na ninamwelewa mkwe wangu: usiku mmoja bila samaki ni ada ya shule. Lakini mbingu ya jioni haisemi lolote kuhusu ziwa la saa tisa usiku.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi, upepo hutoka ziwani kwenda bara, ndiyo maana Kampala hunyeshewa alasiri. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji ya Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, yanabaki na joto, na pepo kutoka Uganda, Kenya na Tanzania zinakutana juu ya ziwa. Hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila juu. Wingu la radi linajengeka hapo katikati, mbali na macho ya mtu aliyesimama mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kisha mara nyingi linasukumwa magharibi, yaani kwenu visiwani Ssese. Na hizo ndizo saa ambazo karabai za kuvulia mukene zinawaka!

Kuhusu juzi: utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa huligawa ziwa katika kanda, na siku katika vipindi. Sikilizeni kanda yenu na kipindi chenu. Wakisema "uwezekano", maana yake dhoruba yaweza kupita visiwa vya Buvuma ninyi mkalala pakavu. Hawakudanganya.

Kipindi chenye onyo kikiisha, aende. Akiwa majini ghafla upepo wa baridi ukampiga usoni, huo umetangulia mvua. Asingoje kumaliza kuvuta wavu, aelekee kisiwa kilicho karibu, hata kama si chenu. Wavu ukimchelewesha, aukate. Jaketi la kuokolea alivae na kulifunga tangu mwaloni. Wengi nawaona wamelikalia.