Maswali yenu: theluji na upepo wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro

Swali: Julai hapa Moshi tunavaa masweta, lakini mlima huwa mweupe zaidi Aprili. Inakuwaje? (Msomaji, Majengo)

Baridi peke yake haileti theluji. Sharti pawe na unyevu. Kileleni, mita 5,895, baridi ipo mwaka mzima. Kinachokosekana Julai ni mvua. Wakati wa masika, na vuli pia, mawingu yanayotunyeshea huku chini humwaga theluji kule juu.

Swali: Shikamoo. Nabeba mizigo njia ya Machame. Theluji siiogopi, ila upepo wa kambi ya Barafu unanitesa. Kwa nini unauma hivyo? (Mpagazi, Machame)

Marahaba, na pole kwa kazi. Umemtambua adui. Mwili hujizungushia utando mwembamba wa hewa yenye joto, upepo ukaupeperusha. Kukiwa na nyuzi 10 chini ya sifuri, na upepo wa kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kama vile ni nyuzi 22 chini ya sifuri. Jasho huzidisha balaa, nanyi mnalowa kuliko mgeni anayetembea mikono mitupu. Beba fulana kavu, ubadilishe mara ufikapo kambini, hata kabla ya kusimamisha hema. Vidole vikifa ganzi na kupauka, usivisugue wala usivisogeze motoni. Viweke kwapani, umwambie kiongozi. Na kiongozi anayewasukuma kwenda Stella Point, kule juu ukingoni mwa kreta, huku mahema yanang'oka, eti kwa sababu mgeni amelipa, kwangu hafai.

Swali: Theluji ikiwa nyingi, mifongo yetu (mifereji ya kumwagilia) itajaa? (Mkulima, Kibosho)

Usiitegemee. Maji yenu zaidi ni ya mvua ya msituni. Theluji ya kileleni, kwa jua lile na hewa kavu, nyingi hugeuka mvuke hata kabla ya kuwa maji. Tunzeni msitu.

Swali: Mwanangu anasoma Denver, anasema wametangaziwa dhoruba ya theluji. Ni kama ya Kibo tu? (Mama, Kiborloni)

Mama, kule hawahesabu wingi wa theluji. Wamarekani hutangaza dhoruba hiyo upepo unapofika kilomita 56 kwa saa na mtu haoni mbele zaidi ya mita 400, kwa muda wa saa 3. Hata theluji ya jana ikipeperushwa inatosha. Akae ndani. Akikwama garini asishuke kutafuta msaada kwa miguu, na kabla ya kuwasha injini ili apate joto aondoe theluji kwenye bomba la moshi, afungue dirisha kidogo.