Kikao cha bajeti hutakuwemo: kwa mkutubi mpya wa chuo

Umemaliza masomo ya ukutubi Bagamoyo, au umetoka chuo kikuu na shahada yako, sasa umepangiwa maktaba ya chuo hapa Mwanza. Wiki ya kwanza utaona rafu zilizopinda, kompyuta mbili zinazowaka kwa zamu, na kitabu cha uhasibu cha zamani chenye nakala kumi na nne ambacho hakuna anayekigusa. Utashikwa na hamu ya kuandika dokezo kwa Mkuu wa Chuo. Ngoja kwanza.

Dokezo langu la kwanza lilikuwa la kurasa sita. Nilieleza kwamba maktaba ni moyo wa chuo, nikamtaja Ranganathan, yule mkutubi wa India, na kanuni zake tano za ukutubi za mwaka 1931, nikaambatisha orodha ndefu ya vitabu. Lilirudi baada ya miezi miwili likiwa na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "Hali ya fedha inaeleweka." Nilinuna wiki nzima. Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba nilikuwa nimewalilia watu shida za maktaba, na wao wana za kwao. Isitoshe, kwenye kikao chenyewe sikuwemo. Mkutubi wa chuo kidogo mara nyingi hayumo. Makisio yanajadiliwa na wakuu wa idara, mhasibu, afisa ugavi na Mkuu wa Chuo, wakati wewe uko kaunta unagonga mihuri ya tarehe. Basi kazi yako ni kuhakikisha mle ndani kuna mtu atakayeitaja maktaba akidhani anasema shida yake mwenyewe. Na kweli atakuwa anasema yake.

Mimi nilianza na kaunta buku la kawaida, la dukani. Nililigawa safu nne: tarehe, kozi ya mwanafunzi, alichotafuta, na sababu ya kukikosa. Jina la mwanafunzi sikuandika, na wewe usiandike; anachosoma mtu ni siri yake. Takwimu za vitabu vilivyoazimwa kila maktaba inazo, lakini zinahesabu waliopata tu. Aliyefika, akaambiwa hakipo, akageuka zake, hahesabiwi popote. Yule ndiye wako. Mwisho wa muhula niliona kitabu kimoja cha takwimu kimeulizwa mara 61. Tulikuwa na nakala mbili, moja haina jalada.

Ukurasa ule sikuupeleka kwa Mkuu wa Chuo. Niliupeleka kwa mkuu wa idara ya biashara, ofisini kwake, asubuhi kabla ya vipindi. Aliusoma kimya, akavua miwani, akasema, "Kumbe ndiyo maana kazi zao zote zinafanana." Akaupiga picha kwa simu. Sikuomba chochote siku ile. Hilo lilinigharimu kujizuia, maana orodha ya bei nilikuwa nayo mfukoni.

Utakutana pia na hoja ya intaneti: siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, vitabu vya nini tena? Usibishane, utaonekana unalinda ajira yako. Mhadhiri mmoja wa uchumi aliyekuwa akiandika kuhusu biashara ya dagaa aliniambia hivyohivyo. Nikamwomba akae kwenye kompyuta yangu atafute makala anayoihitaji. Aliipata, ukurasa ukamdai dola. Nikaingia kwa akaunti ya chuo kupitia Research4Life, mpango wa kuzifungulia nchi za kipato cha chini makala za kitaaluma, ambako kuna Hinari ya mambo ya afya na Agora ya kilimo na chakula, na taasisi za Tanzania zinaruhusiwa kuingia bila malipo zikijisajili. Makala ikafunguka. Aliniuliza tumekuwa na kitu hiki tangu lini. Aibu yangu ilikuwa hapo: chuo kilisajiliwa huko miaka mitatu kabla sijaajiriwa, na nywila ilikuwa imebandikwa ndani ya kabati. Wiki hiyohiyo nilianza kupita idara kwa idara na kompyuta mpakato, dakika ishirini tu kila idara, nikitafuta mada wanazofundisha wao.

Hili la sasa nalisema kwa sauti ya chini. Mwaka mmoja tulitarajia wageni wa ukaguzi. Tuliambiwa maktaba ipendeze. Wakufunzi walileta vitabu vyao vya nyumbani, tukavipanga kwenye rafu za mbele, tukapaka rangi, meza moja mbovu tukaificha stoo. Nilijituma kuliko wote. Wageni walifurahi wakaondoka, na vitabu vikarudi nyumbani kwa wenyewe. Bajeti ilipofika nilijibiwa kwa upole kabisa: mkutubi, ripoti inasema mko vizuri. Nilikosa la kusema, maana ushahidi dhidi yangu niliupanga kwa mikono yangu. Siku ya ukaguzi safisha vumbi, lakini rafu tupu iache tupu. Na usisubiri wageni ndipo uvijue viwango: visome mapema, vya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kama uko chuo kikuu, vya NACTVET (baraza linalosimamia elimu ya ufundi) kama ni chuo cha kati, kisha kwenye dokezo lako taja kipengele ambacho chuo hakijakifikia. Sentensi moja ya namna hiyo inasomwa hadi mwisho.

Kuhusu muda: mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, ila makisio hupikwa miezi mingi kabla. Chuo binafsi kina kalenda yake. Muulize karani wa uhasibu, yeye anaijua kuliko bosi wake. Serikali ya wanafunzi nayo ni rafiki mzuri, lakini wape takwimu, usiwape hasira. Wakigoma, utaitwa wewe.

Mwaka uliofuata nilipeleka dokezo la ukurasa mmoja: vitabu tisa, kila kimoja na idadi ya waliokikosa pembeni. Tulipewa pungufu ya nusu. Kikao kilichofuata, niliambiwa, mkuu wa idara ya biashara alitoa simu yake, akaonyesha ile picha, akauliza vilivyobaki vinanunuliwa lini. Mimi wakati huo nilikuwa kaunta, natafuta kitabu kilichorudishwa rafu siyo yake.