Msimamizi wa mirathi si mmiliki wa mali ya marehemu

SWALI: Shikamoo wakili. Baba yetu alifariki mwaka 2022 hapa Kahama. Aliacha nyumba, viwanja viwili, Fuso moja na duka la vifaa vya ujenzi alilolisajili kama jina la biashara. Mama yupo, na watoto tuko watano. Kikao cha ukoo kilimpendekeza kaka yetu mkubwa, na mwaka 2023 mahakama ya mwanzo ikamteua kuwa msimamizi. Tangu hapo hatujagawiwa chochote. Sasa tumegundua hati ya nyumba ina jina lake, na kiwanja kimoja anakitafutia mteja bila sahihi zetu. Tukimuuliza anasema mahakama imeshampa mali. Kuna bwana mmoja anayeshinda karibu na mahakama, anasema tumpe laki nne atufungulie mirathi upya kwenye mahakama nyingine. Tukubali? Na mimi mwenyewe nina biashara na watoto watatu. Bwana huyo ananishauri niandikishe kila kitu kwa jina la mwanangu wa kwanza ili wasije wakapitia haya. Ni sawa?

JIBU: Marahaba dada, na poleni. Huyo bwana msimpe hata shilingi, na ushauri wake kuhusu mwanao usiufuate. Sababu nitazieleza. Nianze na kaka yako, kwa kuwa kiwanja kikishauzwa mtakuwa mnazungumza habari nyingine.

"Mahakama imeshanipa mali." Maneno haya nayasikia kila mara, na ndiyo yanayovunja familia nyingi kuliko kukosekana kwa wosia. Mahakama haikumpa kaka yako mali. Ilimpa kazi. Barua aliyo nayo ukiisoma yote, badala ya kuangalia muhuri na jina tu, utaona anatajwa kama msimamizi wa mirathi ya marehemu. Kazi hiyo ni kukusanya mali, kulipa gharama za mazishi na madeni, kuwagawia warithi kinachobaki, kisha kuirudishia mahakama hesabu. Msimamizi ni kama mtunza stoo: funguo anazo, mzigo si wake. Akiupoteza kwa uzembe au kwa hila, anaweza kudaiwa kutoka mfukoni mwake.

Sasa hati ya nyumba. Kabla hamjamwita mwizi, fanyeni upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, yaani ombeni kujua rejista inasemaje kuhusu nyumba hiyo. Sheria ya Usajili wa Ardhi, sura ya 334, inamruhusu msimamizi kuomba asajiliwe mahali pa marehemu, kwa sababu mtu aliyefariki hawezi kusaini uhamisho kwenda kwa warithi. Kwa hiyo jina la kaka yako kuonekana kwenye hati si kosa lenyewe. Kinachotakiwa kuangaliwa ni cheo chake kwenye rejista. Ikiwa ameandikwa kama msimamizi wa mirathi ya baba yenu, nyumba bado iko ndani ya mirathi. Ikiwa ameandikwa yeye mwenyewe kama mmiliki, basi kuna waraka aliupeleka pale kuonyesha kwamba nyumba amepewa, ameuziwa au amegawiwa. Ombeni nakala ya waraka huo. Nimeona familia ikipigana mpaka kufikishana polisi kwa sababu ya jina kwenye hati, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesoma maneno matatu yaliyofuata jina hilo.

Kuhusu sahihi zenu, hapa nitakuudhi kidogo. Warithi wengi wanaamini msimamizi hawezi kuuza kitu mpaka kila mmoja asaini. Sivyo. Mahakama ya Rufani ilishaamua kwamba msimamizi anaweza kuuza mali ya marehemu katika kutekeleza kazi yake bila kulazimika kupata ridhaa ya warithi wote. Na ina mantiki yake: kama benki inadai, na mrithi mmoja amenuna, deni litalipwaje? Kwa hiyo mkienda mahakamani na hoja moja tu kwamba hamkusaini, mnaweza kurudi mikono mitupu. Muulizeni maswali haya: kiwanja kinauzwa ili kulipa nini? Deni hilo limeandikwa wapi? Fedha zitaingia akaunti gani?

Majibu yake yanapaswa kuwa ndani ya jalada la mirathi, na hapo ndipo penye nguvu yenu ambayo hamjaigusa. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika mahakama za mwanzo, za mwaka 1971, zinamtaka msimamizi ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa apeleke orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni yote ya marehemu, kwa fomu namba 5. Mahakama inaweza kumwongezea muda. Baada ya hapo anapeleka hesabu kwa fomu namba 6: fedha gani zimeingia, zimelipwa nini, nini kimeuzwa, nani amepewa nini. Kaka yako ameteuliwa mwaka 2023. Nenda masjala ya mahakama iliyomteua, taja namba ya shauri la mirathi, uombe kuliona jalada. Mrithi unayo haki hiyo. Angalia kama fomu namba 5 ipo. Kama ipo, angalia kama Fuso limo, kama viwanja vyote viwili vimo, na kama mzigo uliokuwa dukani siku baba alipofariki umethaminishwa.

Duka nalisisitiza kwa sababu ndilo linaloliwa kimyakimya. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, si mtu anayejitegemea kama kampuni ilivyo. Saruji, nondo na mabati yaliyokuwemo ni mali ya marehemu moja kwa moja, na madeni ya duka ni madeni yake. Lingekuwa kampuni, kingeingia kwenye mirathi ni hisa za baba tu, na mali za kampuni zingebaki za kampuni. Mara nyingi nakuta mtoto mmoja anaendelea kuuza kwa leseni ya marehemu na kutoa risiti kwa mashine ya marehemu, kodi inahesabiwa kwa jina la mtu aliyekwisha zikwa, na baada ya miaka mitatu hakuna anayejua faida ilikwenda wapi wala TRA wanadai nini.

Kama orodha haipo, au ipo na ina uongo, andikeni ombi kwa mahakama ileile iliyomteua. Ombeni aitwe aeleze, uuzaji usimamishwe mpaka hesabu zionekane, na ikibidi uteuzi wake utenguliwe. Kanuni zilezile za mwaka 1971 zinamruhusu mrithi, mnufaika au mtu anayemdai marehemu kuomba hivyo, kwa mfano pale uteuzi ulipopatikana kwa udanganyifu au pale msimamizi anapokwenda kinyume na maslahi ya warithi kwa makusudi au kwa uzembe. Sambamba na hilo, wekeni zuio kwa Msajili wa Hati kwenye kiwanja hicho kama kina hati, ili kisihamishwe kimyakimya. Fanyeni wiki hii. Akijitokeza mnunuzi aliyenunua kwa nia njema kutoka kwa msimamizi halali, mtakachobaki nacho ni kumdai kaka yenu fedha, na kiwanja kukirudisha ni shughuli ngumu. Na msisubiri mpaka awasilishe hesabu za mwisho na mahakama ifunge shauri. Kazi ya msimamizi ikishakamilika na kufungwa, hoja ya kumtengua inakosa miguu.

Mama yenu asisahaulike katika haya. Angalia kwenye jalada mirathi ilifunguliwa chini ya sheria gani. Ikiwa ni mila, kanuni zilizotangazwa mwaka 1963 zinampa mtoto wa kiume wa kwanza fungu kubwa, zinawaweka mabinti mwisho, na zinasema mjane mwenye watoto hana fungu, atatunzwa na watoto wake. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilieleza mwaka 2015 kwamba kanuni hizi zimewanyima wajane wa Tanzania haki zao, na ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza ubaguzi. Mgao unaomwacha mama bila kitu unapingika, ila lazima upingwe kabla haujapitishwa.

Sasa huyo bwana wa laki nne. Mirathi ya mtu mmoja haifunguliwi mara mbili. Msimamizi akishateuliwa na mahakama yenye mamlaka, njia ya kumwondoa ni kumtengua palepale au kwenda mahakama ya juu kwa rufaa au mapitio. Kinachouzwa na vishoka hawa ni kuficha: anaandaa muhtasari mpya wa kikao cha ukoo, anaandika kwamba hakuna mirathi iliyowahi kufunguliwa, na wewe unatia sahihi. Uongo huo utakuwa wako, yeye jina lake halimo popote. Mihutasari ya aina hii naijua kwa macho. Wajumbe kumi na mbili, sahihi kumi na mbili, wino mmoja, mwandiko mmoja, herufi ya "M" imekunjwa vilevile kuanzia babu mpaka mjukuu. Mmoja wa "waliohudhuria" unakuta alifariki kabla ya kikao. Halafu familia inashangaa uteuzi unapofutwa na wanaanza upya, mali imechakaa na ndugu hawasalimiani.

Na kikao cha ukoo chenyewe, kilicho halali, hakimpi mtu mamlaka. Ni utaratibu mzuri wa kupendekeza jina na kutambuana warithi. Mwenye kuteua ni mahakama, na mahakama inaweza kumkataa aliyependekezwa.

Ukihitaji msaada na wakili ni ghali, wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na hawatozi. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza waliko. Mtu yeyote anayedai ni wakili, mwulize namba yake ya uwakili, kisha ihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Anayekasirika kwa kuulizwa, ondoka.

Nije kwenye biashara yako. Kuandikisha kila kitu kwa jina la mtoto si kupanga mirathi, ni kugawa mali ukiwa hai, na aliyegawa hana tena cha kuamua. Kuanzia siku ya uhamisho mali ni ya mwanao. Wanaomdai wanaweza kuifuata. Ndoa yake ikivunjika, itatajwa kwenye shauri lake. Akitangulia yeye kufariki, nyumba uliyojenga kwa jasho lako itaingia kwenye mirathi yake, nawe utasimama kwenye foleni ya watu wenye madai. Na wale watoto wengine wawili umewaacha na huruma ya kaka au dada yao, yaani umeyatengeneza kwa mkono wako yaleyale unayoyalalamikia Kahama. Wafanyabiashara wengi wananijia wameshafanya hivi, wengine kwa jina la mtoto mwenye miaka saba, ili kukwepa benki au kukwepa mke. Mahakamani ndipo inapogundulika nani alikuwa anafichwa nini.

Andika wosia. Na usinunue ile karatasi iliyochapwa tayari ya steshenari, yenye nafasi za kujaza majina, kwa sababu haikuulizi unafuata sheria gani, na hilo ndilo swali la kwanza. Muislamu anaweza kuusia hadi theluthi ya mali baada ya madeni, na hawezi kumuusia anayemrithi isipokuwa warithi wengine waridhie. Kwa anayefuata mila, wosia wa maandishi unataka mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, wote wakiwepo kwa wakati mmoja. Kama mwenye wosia hajui kusoma, mashahidi wawe wanne. Ukimnyima mtoto urithi, mila inataka useme sababu, na sababu zinazokubalika ni chache na nzito, kama kujaribu kukuua. Kwa wote nasema: anayepewa kitu kwenye wosia asiwe shahidi wake. Wosia mzuri kabisa unaweza kukwama kwa kosa hilo tu.

Kwa mwenye biashara kuna kazi moja zaidi ambayo wosia peke yake hauimalizi, nayo ni daftari. Unamdai nani, unadaiwa na nani, mkopo gani una dhamana ya hati ipi, mzigo gani ni wako na upi umeachiwa uuze kwa niaba ya mtu. Mteue mtekelezaji wa wosia anayeweza kusoma hesabu, si lazima awe mkubwa kwa umri wala wa kiume. Daftari lihuishwe kila mwaka. Wosia unaweza kuuandika na kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Nakala baki nayo, na mtekelezaji umwambie wazi wosia uko wapi na stakabadhi yake iko kwa nani.