Maswali ya Wasomaji: Nyaraka za Kale na Maboksi Mapya

SWALI: Ndugu Mhariri, kituo chetu cha kumbukumbu kina barua na majalada ya tangu mwishoni mwa karne ya 19, ambayo kwa miaka mingi yamekaa katika maboksi ya bidhaa. Kurasa nyingi zimekuwa za kahawia na zinakatika penye mikunjo. Sasa tumepata fedha kidogo. Je, maboksi ya kawaida, mradi yawe imara, hayatatosha?

JIBU: Hayatatosha, kwa sababu uimara wa boksi ni jambo la pili, la kwanza ni kile kilichomo katika malighafi yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 viwanda vilianza kuikinga karatasi isinyonye wino kwa kuitia utomvu wa msonobari pamoja na shabu (chumvi ya alumini), na kuanzia katikati ya karne hiyo rojo la mbao likachukua nafasi ya matambara ya pamba na kitani. Shabu huzaa asidi, na lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, huzidi kuizalisha kadiri inavyozeeka, nayo asidi hukatakata nyuzi za karatasi mpaka ukurasa unavunjika kama jani kavu. Ndiyo maana barua ya miaka 300 iliyoandikwa kwenye karatasi ya matambara huweza kuwa laini na nyeupe kuliko gazeti la miaka 60. Maboksi ya bidhaa kwa kawaida yana lignini na asidi hiyo hiyo, na asidi haitulii mahali pamoja, bali huhamia kwenye kila inachogusana nacho. Bila shaka mmewahi kukuta doa la kahawia lenye umbo kamili la kipande cha gazeti kilichosahauliwa ndani ya barua.

Tafuteni folda na maboksi yasiyo na lignini wala asidi, yenye akiba ya alkali ya kuizimua asidi inayojitokeza. Kiwango cha kimataifa cha karatasi za kudumu, ISO 9706, kinataka pH (kipimo cha asidi na alkali, ambapo 7 ni katikati) ya kati ya 7.5 na 10, na akiba ya alkali inayolingana na angalau asilimia 2 ya kalsiamu kabonati. Ni kipimo kizuri cha kumwonyesha muuzaji. Iwapo fedha hazitoshi kununua vyote, anzeni na folda, kwa kuwa ndizo zinazogusana na waraka wenyewe, kisha maboksi yafuate.

Hata hivyo, naomba msihamishe jalada hata moja kabla ya kuandika lilikuwa katika boksi gani na linafuata lipi. Kishawishi cha kuzipanga barua upya kwa tarehe ni kikubwa, lakini mpangilio ulioachwa na ofisi au mtu aliyezikusanya ni ushahidi wenyewe: barua mbili zilizowekwa pamoja humwonyesha mtafiti kuwa jambo moja lilizaa jingine, na ukishazitenganisha bila maandishi hakuna atakayejua tena. Ipeni kila karatasi namba kwa penseli laini, pembeni, ikiwa juu ya meza ngumu. Niliwahi kufungua jalada ambalo namba zake zilikuwa zimepigwa kwa kalamu ya wino, na wino ukawa umepenya hadi kwenye maandishi ya upande wa pili. Hakuna fundi aliyeweza kuuondoa. Majalada ya zamani yenye anwani, mihuri na namba za kumbukumbu nayo msiyatupe. Yawekwe katika folda zake pekee, jirani na yaliyokuwa ndani yake.

Pini na klipu zenye kutu ziondolewe bila kuvutwa: ingizeni kipande chembamba cha plastiki ngumu kati ya chuma na karatasi, mkunjue miguu ya pini, kisha muitoe taratibu. Folda isijazwe kupita mikunjo yake ya chini, na boksi lisibane wala lisiwe na nafasi, kwani karatasi zinazosimama bila kuegemea kitu hujipinda zenyewe.

SWALI: Mwenzangu anashauri tuzilaminishe nyaraka zilizochanika ili zisiharibike zaidi. Wewe wasemaje?

JIBU: Msifanye hivyo kamwe. Joto na gundi ya mashine huingia ndani ya nyuzi, na kuubandua waraka baadaye ni kuuhatarisha. Selotepu nayo huacha gundi inayogeuka kahawia. Waraka uliochanika utiwe katika mfuko wa plastiki ya poliesta, wala si PVC, ambayo hutoa asidi inapochakaa. Mfuko uachwe wazi angalau upande mmoja, kwa maana karatasi yenye asidi ikifungiwa kabisa huzeeka haraka zaidi. Mahali penye mpasuko mbaya, mwachieni mhifadhi aliyesomea kazi hiyo, atumie karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, unaoweza kulainishwa na kuondolewa kwa maji.

SWALI: Je, picha nazo ziingie katika folda hizo hizo? Na glavu nyeupe ni za lazima?

JIBU: Picha za rangi ya buluu zilizochapwa kwa chumvi za chuma hufifia zikigusana na alkali, kwa hiyo zipewe karatasi isiyo na asidi wala akiba ya alkali. Glavu zivaliwe kwa picha na filamu, hasa za nitrili, aina ya mpira wa kutengenezwa. Kwa karatasi, mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri ni bora, kwani glavu za pamba hupunguza hisia za vidole na kunasa kwenye kingo dhaifu.

SWALI: Chumba chetu kina kiyoyozi kinachozimwa kila jioni. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Kupanda na kushuka kwa joto na unyevu kila siku huitanua na kuikaza karatasi mfululizo, na unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa, kuvu huota. Afadhali kiwango cha wastani kisichobadilika usiku na mchana. Rafu ya chini kabisa iinuliwe angalau sentimita 10 kutoka sakafuni, na rafu zote ziachane na ukuta wa nje, ili hewa ipite na maji yakiingia yasikute maboksi.