Tovuti za nauli nafuu za ndege: ipi ya kutafutia, ipi ya kulipia

Swali la "tovuti gani ina tiketi rahisi kuliko zote" halina jibu, kwa sababu tovuti zenyewe hazifanyi kazi moja. Google Flights, Skyscanner, Kayak na Momondo ni injini za kulinganisha. Zinakusanya nauli, zinakuonyesha, kisha kwa kawaida zinakupeleka kwa muuzaji ukalipe huko. Expedia, Trip.com na Kiwi.com ni mawakala: fedha unawapa wao, na siku mambo yakiharibika unaanzia kwao. Halafu kuna tovuti ya shirika la ndege lenyewe. Injini ni ya kutafutia. Mahali pa kukatia tiketi ni uamuzi mwingine kabisa, na ndipo watu wengi wanapoumia.

Tena nyingi kati ya hizi ni ndugu wa tumbo moja. Kayak, Momondo na Cheapflights ziko chini ya Booking Holdings, kampuni hiyohiyo yenye Booking.com, Priceline na Agoda. Skyscanner ilinunuliwa mwaka 2016 na kampuni ya Kichina ambayo leo inaitwa Trip.com Group. Orbitz na Travelocity ni za Expedia Group. Kwa hiyo ukifungua Kayak na Momondo ukakuta nauli zimefanana, hujapata ushahidi wa pili, umemuuliza mtu yuleyule mara mbili. Chukua injini moja kutoka kila nyumba: Google Flights, Skyscanner na mojawapo kati ya Kayak na Momondo. Tatu zinatosha. Zaidi ya hapo ni kuchosha macho.

Google Flights ndiyo ya kuanzia, hasa kama tarehe zako zinasogezeka. Ilizinduliwa mwaka 2011, baada ya Google kuinunua ITA Software, kampuni iliyokuwa inatengeneza mitambo ya kukokotoa nauli. Ndiyo maana ina kasi kubwa: ukifungua kalenda unaona nauli ya kila siku kwa miezi mingi bila kusubiri. Tumia jedwali la tarehe, ambalo linapanga siku za kwenda upande mmoja na siku za kurudi upande mwingine, uone jinsi kusogeza safari siku moja au mbili kunavyobadilisha jumla. Unaweza pia kuandika viwanja kadhaa vya kuondokea na vya kufikia kwa mara moja, ukitenganisha kwa mkato. Ukishapata njia unayoitaka, washa ufuatiliaji wa bei ili upelekewe barua pepe nauli ikipanda au kushuka. Udhaifu wake ni kwamba mawakala wadogo hawaonekani sana, na baadhi ya mashirika ya nauli nafuu ama hayamo ama yanaonekana bila bei.

Skyscanner inafaa pale ambapo hujaamua uende wapi au lini. Unaweza kuacha mahali pa kwenda wazi ukachagua popote, au ukachagua mwezi mzima badala ya tarehe. Mawakala wake ni wengi, wakiwemo wadogo ambao hujawahi kuwasikia, kwa hiyo mara nyingi ndiyo itakayokuonyesha namba ya chini kuliko wote. Ndiyo pia ambayo namba hiyo hubadilika ukibofya. Sababu si njama. Injini haiwezi kumuuliza kila muuzaji bei mpya kila mtu anapotafuta, hivyo hutunza majibu ya utafutaji uliopita kwa muda. Kama siti za nauli hiyo zimeisha katikati, wewe unaiona bado, na ukweli unautambua ukifika kwa wakala. Bei ikipanda kidogo, sasisha ukurasa ujaribu wakala wa pili kwenye orodha. Ikiwa wakala yuleyule anapandisha bei kila unapobofya, kila siku, kila njia, basi nauli ile ni chambo, mruke. Nyota walizopewa mawakala na wateja zimewekwa pale pale pembeni ya bei. Zisome kabla hujavutiwa na namba.

Kayak ina vichujio vizuri: muda wa kusubiri kati ya ndege na ndege, aina ya ndege, viwanja vya kuunganishia, idadi ya mabegi. Angalia tu matokeo yaliyoandikwa Hacker Fare. Hizo ni tiketi mbili za kwenda tu, mara nyingi za mashirika mawili tofauti, zilizowekwa pamoja zionekane kama safari moja ya kwenda na kurudi. Zinaweza kuokoa fedha kweli. Lakini ukibadilisha tarehe ya kwenda, ile ya kurudi haibadiliki nayo, ina masharti yake na ada yake.

Kiwi.com inahitaji maelezo marefu zaidi kuliko nyingine zote, kwa sababu umaarufu wake unatokana na kuunganisha mashirika ambayo hayana mkataba wowote baina yao. Unaona safari moja kwenye skrini, ila chini yake kuna tiketi mbili au tatu zinazojitegemea. Maana yake kwa vitendo ni hii. Ukitua kiwanja cha katikati, begi lako halipelekwi mbele. Unapita uhamiaji, unalichukua, unatoka, unapanga foleni upya kulikabidhi kwa shirika la pili. Kama nchi hiyo inakutaka uwe na viza ya kuingia, unaihitaji hata kama utakaa saa tatu tu, na shirika la kwanza linaweza kukukatalia kupanda ukiwa bado nyumbani. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni lolote kwako: limekuona hujafika, basi. Kiwi.com wana dhamana yao kwa hali kama hiyo, lakini ni ahadi ya wakala yenye masharti yake, na mhudumu wa kaunta ya shirika hana habari nayo. Safari ya namna hii ipe angalau saa nne za kuunganisha. Ikiwa ndege ya pili ni ya mwisho kwa siku hiyo, lala hapo uondoke kesho yake. Mawakala wengine nao huuza safari za aina hii, kwa hiyo tafuta maandishi yanayosema unajiunganishia mwenyewe au kwamba tiketi ziko tofauti.

Ukiwa hapo hapo, soma majina ya viwanja na si ya miji. Kwenye utafutaji, herufi za utambulisho LON zinabeba viwanja vyote vya London, na safari inaweza kukushusha Heathrow kisha ikakutarajia Gatwick. Paris ina Charles de Gaulle na Orly, Tokyo ina Haneda na Narita, Istanbul ina vyake viwili, kila kimoja upande wake wa mlango wa bahari.

Sasa namna ya kulinganisha, ambayo ni kazi ya nusu saa.

Anza kwa kutafuta abiria mmoja, hata kama mko wanne. Siti za daraja la kawaida zimegawanywa katika mafungu ya nauli, kila fungu lina herufi yake na idadi yake ya siti. Mkitafuta nafasi nne na fungu la bei ya chini limebakiwa na siti mbili, mfumo kwa kawaida hauwapi wawili bei ya chini na wawili bei ya juu. Unawapandisha wote wanne kwenye fungu linaloweza kuwabeba pamoja. Tafuta mmoja, kisha wawili, kisha wanne. Bei ya kila abiria ikiruka mahali fulani, umeona fungu linaishia wapi, na mnaweza kukata tiketi kwa makundi mawili. Kasoro yake ni kwamba mtakuwa na namba mbili za uhifadhi, na ndege ikifutwa shirika linaweza kuwapangia safari tofauti.

Kisha weka mizigo kwenye hesabu. Nauli ya chini kabisa siku hizi mara nyingi inaruhusu kibegi cha kuweka chini ya kiti tu. Tiketi yenye kilo 23 ndani na ile isiyo na kitu haziwezi kulinganishwa mpaka uongeze bei ya begi, kwenda na kurudi. Mashirika ya nauli nafuu huuza begi kwa bei ya chini wakati wa kukata tiketi, na ghali zaidi kiwanjani.

Pia jaribu njia zote mbili: kwenda na kurudi kwa pamoja, na tiketi mbili za kwenda tu. Mashirika ya nauli nafuu hupanga bei ya kila upande kivyake. Mashirika makubwa kwenye safari ndefu mara nyingi hutoza tiketi ya kwenda tu zaidi ya nusu ya bei ya kwenda na kurudi.

Ukibaki na safari mbili au tatu, mfuate wakala mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kuweka kadi. Njiani utakutana na visanduku vya bima, "huduma ya haraka", ujumbe wa simu, tiketi inayobadilika. Kataa kila usichokiomba, kisha andika jumla ya mwisho. Halafu nenda tovuti ya shirika, tafuta namba zilezile za ndege, tarehe zilezile, uandike jumla yake. Hizo namba mbili ndizo za kulinganisha. Kipimo changu: tofauti ikiwa chini ya asilimia tano, lipa kwa shirika bila kufikiri mara mbili. Ukilipa kwa wakala, mabadiliko na marejesho ya fedha hupitia kwake, na shirika litakwambia urudi kwake hata ukiwa umesimama mbele ya kaunta yao. Kwa safari za ndege zinazoingia au kutoka Marekani, kanuni ya huko inalitaka shirika likuruhusu kufuta ndani ya saa 24 bila faini, au likushikie nauli kwa muda huo, mradi umekata siku saba au zaidi kabla ya kuondoka. Kanuni hiyo inalibana shirika, haimbani wakala.

Kwenye malipo, ukiulizwa kama unataka kutozwa kwa sarafu yako au ya muuzaji, mara nyingi ya muuzaji ndiyo nafuu, benki yako ibadilishe yenyewe. Kiwango anachokupa muuzaji huwa kimeshaongezwa chake.

Kuhusu kufungua kivinjari kwa siri ili tovuti isikutambue, na kununua Jumanne usiku: usipoteze usingizi. Bei hubadilika kwa sababu mafungu ya siti yanafunguka na kufungwa, na kwa sababu ya yale majibu yaliyotunzwa. Ufuatiliaji wa bei wa wiki kadhaa utakusaidia kuliko hila hizo.

Mwisho ni dakika kumi baada ya kulipa. Namba ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu sita inaonyesha nafasi imeshikwa, haionyeshi kwamba tiketi imetolewa. Tiketi ya shirika kubwa ina namba yake ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa, kwa mfano 176 ni Emirates na 071 ni Ethiopian Airlines. Mashirika mengi ya nauli nafuu hayatumii mfumo huo, kwao namba ya uhifadhi inatosha. Kama ulilipa kwa wakala, namba yake inaweza kuwa tofauti na ya shirika, kwa hiyo iulize ya shirika, ingia nayo kwenye tovuti yao, hakikisha jina limefanana na pasipoti herufi kwa herufi, mizigo ipo, na uweke barua pepe na simu yako mwenyewe. Usipofanya hivyo, taarifa ya kubadilika kwa saa ya ndege itaishia kwa wakala. Ikipita siku bila namba ya tarakimu 13 kuonekana, mpigie wakala siku hiyohiyo, maana uhifadhi usio na tiketi hufutwa wenyewe muda wake ukiisha, hata kama fedha zimeshazuiwa kwenye kadi.