Re: Maua ya msituni yanapotelea wapi ikifika Julai?

Ndugu, umeuliza kwa nini msitu ulio nyuma ya nyumba yako huko Michigan, Marekani, hujaa maua mwanzoni mwa Mei, halafu Julai huoni hata moja. Hayajafa. Mengi yamelala chini ya udongo.

Msitu huo ni wa miti ya biichi (Fagus grandifolia) na mepo ya sukari (Acer saccharum). Majani yakishakunjuka huko juu, kivuli kinakuwa kizito na mwanga unaofika chini ni kidogo mno. Mengi ya maua hayo yana wiki chache tu kabla ya hapo, na ndani yake lazima yachanue na kuweka akiba kwenye shina nene la ardhini. Tazama mbegu ya trilio, ua la msituni lenye petali tatu, kwa karibu: ina kijipande chenye mafuta. Sisimizi huibeba hadi shimoni, wakala kile kijipande, mbegu ikabaki imepandwa. Mimi jambo hili hunifurahisha kila mwaka.

Miche ya biichi na mepo yenyewe huvumilia kivuli. Ule unaokufikia gotini unaweza kuwa umesubiri miaka mingi mti mkubwa uanguke.

Sasa nakuomba ukague magome ya biichi zako. Gome lenye afya ni laini, la kijivu, kama nguzo ya zege. Ukiona vitone vyeupe kama pamba, hao ni wadudu waliotoka Ulaya. Wanatoboa gome, kuvu inaingia, mti unakauka. Michigan waligunduliwa mwaka 2000. Tafadhali usihamishe kuni zake, usije ukawasambaza wadudu hao.